Mifupa ya Kapteni Halford

Vibarua walipofikia mifupa, Nyamizi alisogea mpaka ukingoni mwa shimo.

Mifupa ilikuwa imelalia ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa. Vibarua wakatazamana. Nyamizi akawakazia macho, nao wakainamia majembe yao.

"Maskini, homa ilimkunja," alisema Bwana Pelling, akavua kofia.

Pelling alikuwa mwandishi wa maisha ya Waingereza mashuhuri. Alikwisha kuandika vitabu vya maamiri na maaskofu, na mwaka huo wa 1953, kwao wakiwa bado wanashangilia kutawazwa kwa malkia, akaja Geita kumtafuta Kapteni Halford, aliyesifiwa kuwa ndiye aliyevumbua dhahabu ya huku. Mifupa yake ilitakiwa Uingereza, ikalazwe kanisani karibu na majemadari. Aliyejua kaburi lilipo alikuwa mmoja tu: Nyamizi, aliyekuwa mpishi wake.

Na Nyamizi alimchukia Kapteni chuki isiyopoa. Bujiku, mumewe, ndiye aliyeliokota lile jiwe la dhahabu kijitoni, akampelekea Kapteni kwa moyo mweupe. Kesho yake Kapteni akamsingizia wizi, akamchapa viboko mpaka akakata roho. Mwaka haukuisha, homa ikamwangusha Kapteni naye. Wapagazi wakatoroka, na Nyamizi, aliyemzika mumewe peke yake, akamzika na huyo peke yake.

Katekista Stanslaus, aliyekuwa mkalimani siku hiyo, alishindwa kuvumilia. Akamvuta Nyamizi pembeni.

"Mama Limi, mtu aliyekutenda vile, leo unamtoa mwenyewe akatukuzwe?"

"Wametaka kaburi, nimewaonyesha kaburi," alijibu Nyamizi. "Na dira yake niliyomvua shingoni nimewapa. Wanataka nini tena?"

Pelling hakutaka kingine. Dira aliishika kama yai, na tangu aipokee hakuuliza swali hata moja.

Mifupa ilipofungwa kwenye blanketi na kuwekwa sandukuni, Nyamizi alilia. Alilia kwa sauti, bila haya, mpaka vibarua nao wakavua kofia. Pelling akatoa daftari, akaandika kwamba mtumishi mwaminifu alimlilia bwana wake. Kisha akamwomba Stanslaus amtafsirie mama huyo maneno yatakayochongwa kwenye jiwe la kaburi huko Uingereza.

"Hapa amelala mtu wa kwanza kuiona dhahabu ya Geita," alisoma Stanslaus.

"Rudia."

Akarudia, polepole.

"Hapo hamjakosea," alisema Nyamizi, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Lori likaondoka na sanduku. Nyamizi akalisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia, akarudi nyumbani, akazoa majivu ya jikoni, akaenda kuyamwaga jalalani, juu ya Kapteni, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na minane.