Kilichozama ni cha Aliyekiopoa

Kila Ijumaa Bi Mwatime huenda kwa Shaibu mpiga mbizi kumsuka mjukuu wake, Riziki. Meli ilipozama, Shaibu ndiye aliyemtoa mtoto huyo akiwa hai, na sheria ni moja: kilichozama ni cha aliyekiopoa, kiwe sahani, kiwe dhahabu, kiwe mtu.

Shaibu si mtu mbaya. Humtandikia bibi mkeka kivulini, akamletea na chai ya tangawizi.

"Maliza kabla ya alasiri, mama. Hajasugua zile sahani za melini."

"Ahsante, baba."

Shaibu alipoondoka, Riziki alinong'ona, "Bibi, nikizama tena, utaniopoa wewe?"

Kitana kilisimama. Bi Mwatime hakujua kuogelea.

"Ningoje mwezi mmoja, mjukuu wangu," alisema, akaendelea kusuka.