Mlango Mmoja wa Maktaba

Alphonsine alinyoosha vidole kuelekea juu, akapima kwa jicho upana wa dirisha la maktaba. Shibiri moja, haizidi.

Ndivyo alivyotaka mwenyewe walipokuwa wakijenga. Madirisha yawe membamba, juu kabisa ya rafu, jua lisichome vitabu na mwizi asipenye. Mlango uwe mmoja tu, mbele ya meza yake, kitabu kisitoke bila yeye kukiona.

Fundi alikuna kichwa. "Na moto ikishika, Mama?"

"Vitabu haina miguu, fundi," alimjibu, na watu wakacheka.

Sasa majirani arobaini, waliokimbilia humo asubuhi risasi zilipoanza kulia mjini Bunia, walikuwa wamejibanza katikati ya rafu. Nje, wanamgambo walikuwa wakiimba. Harufu ya petroli ilikuwa ikiingia chini ya mlango ule mmoja.

"Siye tutapitia wapi, Mama?" aliuliza mwanamke mwenye kichanga mgongoni.

Alphonsine aliziangusha kamusi zote kubwa, akazipanga kama ngazi mpaka dirisha la nyuma, lililokuwa juu ya nyasi ndefu, akapanda. Kisha akashusha mikono kwa yule mwanamke.

"Fungua kitambaa, nipatie mutoto," alisema. "Nani tena iko na mutoto mudogo?"