Msiwapake Watoto Mafuta Siku ya Kupimwa Macho

Kina mama wenzangu, siku ya kupimwa macho msimpake mtoto mafuta usoni. Mimi nilimpaka Mwanashita wangu ang'ae, wakati huo ndiyo kwanza anaanza kutembea. Yakamwingia machoni, mashine ikapiga picha, ikasoma presha ya macho, eti mshipa wa jicho umekonda, atakuja kupofuka. Sheria mnaijua: mshipa ukikonda, mtoto anafungwa kitambaa mpaka umri wa shule, azoee giza mapema.

Jana, katimiza umri wa shule, kapimwa tena.

"Mama Mwanashita, mshipa mzima kabisa," daktari akasema. "Picha ya kwanza ilikuwa na ukungu."

"Na hamkurudia?"

"Mashine haikudai."

Nikamfungua mwanangu kitambaa. Akanitazama, akapiga kelele, akafumba macho na kupapasa hewani.

"Mama, uko wapi? Kuna mtu hapa!"