Papasi Saba

Siku hizi kila nyumba hupewa papasi saba wa chanjo, kupe wa nyufani wanaouma bila kuleta homa, wakaacha kinga yake tu. Mtoto asiye na kinga haachwi nyumbani kwao. Huchukuliwa akalelewe kituoni.

Mama mkwe alipokuja kunisaidia uzazi aliwakuta sakafuni, akawamwagia maji ya moto.

"Homa ya papasi iliniharibia mimba mbili," alisema. "Silali nao chumba kimoja."

Ningefungua mdomo, ndoa yangu ingevunjika siku hiyo hiyo.

Jana muuguzi alikuja kumpima mwanangu Nyemo. Nguo zake nilikwisha kuzifunga kwenye kanga. Muuguzi akamtoboa kidole, akasubiri, akatabasamu.

"Ana kinga kamili. Hongereni!"

Mama mkwe akapiga vigelegele, mimi nikalia kama mjinga. Tulipika wali, tukala, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni, nikimwogesha Nyemo, nikaona kisigino chake kina alama mbichi ya kuumwa.

"Mama, si uliwaua wote?"

Aliitazama alama, kisha akautazama ufa wa ukutani.

"Wote saba, mwanangu. Niliwahesabu."