Mbegu za Nur

Nilikuwa nimemkamata Nur kwa kola ya shati, katikati ya shamba letu la Moiben, na ngumi yangu ilikuwa tayari.

"Mbegu zako ni feki! Umepaka rangi mahindi ya kula, ukayatia kwenye pakiti ya mbegu."

Chifu alikuwa ametuonya barazani kuhusu pakiti za kuiga. Mashamba ya majirani yalikuwa yamemea. Letu lilikuwa udongo mtupu. Mwaka uliotangulia tulikula mahindi ya manjano ya msaada, na sasa Mama alikuwa ameuza ndama ili tupande.

Nur alikuwa ameacha duka lake la mbegu Eldoret aje ajionee mwenyewe. "Fukua kwanza," akasema. "Ngumi baadaye."

Nikafukua kwa mkono mmoja, huku nikimvuta naye ainame. Kidole kilizama chote kabla sijaigusa punje. Ilikuwa imepasuka, na chipukizi jeupe lilikuwa likipanda kutafuta jua.

"Nani alipanda chini hivi?" Nur akauliza. "Ulikuwa unazika mtu?"

"Nilikuwa nazificha, kunguru wasizione."

Mama, aliyekuwa amesimama kando yetu, alipiga magoti, akaligusa chipukizi, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Achilia shati ya mgeni," akaniambia. "Akunywe chai."