Saruji Iliyoitwa Unga

"Andika unga," mjomba alimwambia mpwa wake, binti aliyekaa mbele ya kompyuta ya duka. "Unga hautozwi kodi."

Nje, vibarua walikuwa wakipakia saruji kwenye lori, nyusi zao nyeupe kwa vumbi.

"Mjomba, hapa hatujawahi kuuza hata kilo moja ya unga."

"Kompyuta haina pua, mama. Itanusa nini?"

Binti alichagua unga. Kodi ya ongezeko la thamani ikawa sifuri. Kisha programu ikamtaka mwenye biashara athibitishe risiti, na jina lililoandikwa hapo lilikuwa la binti mwenyewe.

"Tangu lini duka hili ni langu?"

"Tangu ulipohitimu uhasibu. Ada nililipa mimi, au umesahau?" Alimsogezea kipanya. "Bofya, mama. Lori linasubiri."