Sponji Laini kwa Gari la Mkuu

Dereva wa Mkuu aliingiza gari jeusi chini ya turubai la Kitwana, mzee mng'arisha magari, akamwonyesha boneti. Mtu asiyejulikana alikuwa ameikwaruza juujuu kwa msumari: MAJI LINI?

"Maandishi haya yafutike kabla ya saa kumi, mzee. Mkuu anakwenda kuzindua bomba."

"Lile alilolizindua mwaka juzi?"

"Mzee wangu, yakibaki haya kibarua changu kitaota nyasi."

Kitwana aliosha boneti kwa maji ya ndoo ya marehemu mkewe, aliyekwenda kaburini akilingoja bomba hilohilo. Mezani palikuwa na sponji mbili. Ile ngumu, pamoja na polishi yenye chenga, ingeyala maandishi kwa dakika kumi. Ile laini hung'arisha tu. Aliipima ngumu mkononi, akairudisha, akafunga laini kwenye mashine ya kung'arishia.

"Hiyo itatosha?"

"Kazi hii huanza na laini, mwanangu. Ukianza na ngumu utachubua rangi ya serikali."

Alipozima mashine, boneti ilikuwa kioo. Ukungu wote uliofifisha rangi ulitoweka. Herufi zilisimama waziwazi, hata mpita njia wa ng'ambo angezisoma.

"Mbona yanaonekana zaidi!"

"Sasa ndiyo zamu ya ngumu," alisema Kitwana, akaichovya sponji ngumu kwenye ndoo, akaikamua, akaianika kambani. "Ikikauka tu, tunaanza."

Simu ya dereva ikalia. Alikuwa Mkuu.

"Mwambie angoje kidogo," alisema Kitwana, akivuta kigoda. "Si vigumu. Sisi tumezoea."

Simu iliendelea kulia. Sponji ilidondosha tone moja, kisha jingine.